Nyumba ya mjini, shamba la ukoo: wosia ulivyomfikia binti Jinja na Mbale

Mfanyabiashara anayevusha mahindi Malaba au dagaa Busia anajua thamani ya karatasi. Bila cheti cha uasili wa bidhaa gari linalala mpakani, na gunia lisilo kwenye orodha huleta maswali. Lakini wengi wa watu hao hao, walioandika mzigo wao hadi gunia la mwisho, hawana karatasi hata moja inayosema nyumba ya Jinja au kiwanja cha Mbale kitakuwa cha nani siku wao hawapo. Mara nyingi anayeumia kwanza kwa pengo hilo ni binti.

Si kwamba wazazi wa mashariki mwa Uganda hawakutaka kuwapa mabinti mali. Wengi walitaka, na wapo waliofanya hivyo tangu zama za wakoloni. Swali lilikuwa mali ipi, na kwa njia gani ambayo ndugu wa baba hawataipindua baada ya matanga.

Shamba lilivyompita

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon, juu ya Mbale, ardhi ya Wamasaaba, wanaojulikana zaidi kwa jina la Wagisu, ilifuata njia ya jando. Imbalu hufanyika kila mwaka wa namba shufwa, na kijana aliyetoka kwenye kisu alikuwa na haki ya kudai kwa baba yake sehemu ya shamba aanzishe mji wake. Baba aliyekuwa na wana watano alilikata shamba mara tano akiwa bado hai. Binti hakuwamo katika hesabu hiyo. Yeye angeolewa, angelima kwa mumewe, na watoto wake wangekuwa wa ukoo mwingine. Kumpa migomba na kahawa ya nyumbani kulionekana sawa na kuupa ukoo wa shemeji.

Kulikuwa na upande wa pili wa hesabu hiyo ambao wazee hawakupenda kuutaja kwa sauti. Ng'ombe wa mahari ya binti ndio waliomwezesha kaka yake kuoa. Yeye ndiye aliyeingiza mali nyumbani, na siku ya kugawana akaambiwa kwamba ni mgeni.

Kwa Wasoga wa Jinja na Iganga jambo lilipita kwenye kikao cha ukoo. Mtu akifa, ukoo ulikaa ukamtaja omusika, mrithi anayechukua nafasi na jina la marehemu, na siku ya kumaliza msiba, okwabya olumbe, akasimamishwa mbele ya watu. Mwangalizi wa wajane na watoto, mukuza, naye alitoka kwenye ukoo huo huo. Aliyekuwa na neno la kuacha aliwaita wazee kabla ya kufa akasema: ng'ombe huyu wa fulani, kibanja kile cha fulani. Huko ndiko kulaama, na maneno yenyewe ni ekiraamo, jina ambalo hadi leo ndilo linalotumika kwa wosia ulioandikwa.

Ubovu wa ekiraamo cha mdomo ni kwamba kilikaa kwenye kumbukumbu za waliokuwa chumbani, na chumbani walikuwa wanaume wa ukoo. Baba angeweza kumtaja binti yake mara tatu. Kama waliosikia ni wale wale ambao wangekosa ikiwa binti angepata, maneno hayo yalikuwa na maisha mafupi.

Karatasi ilikuja na shule za misheni. Ilipata nguvu zaidi Buganda, ambako Mkataba wa 1900 ulizaa mashamba ya mailo, na sheria ya ardhi ya 1908 ikamruhusu mwenye mailo kuliacha shamba lake kwa wosia. Machifu walioujua wino wakaanza kuandika, na majina ya mabinti yakaanza kuonekana kwenye hati. Machifu wa Busoga nao waliomba mailo kwa miaka mingi, hawakupewa. Kwa hiyo mashariki ya Nile kibanja kilibaki chini ya desturi, na wosia ulioandikwa ulipofika ulikutana na ukoo uliokwisha kukaa mlangoni. Mwanaanthropolojia Lloyd Fallers, aliyefanya utafiti Busoga katika miaka ya 1950 na kutoa mwaka 1969 kitabu juu ya mahakama za huko, alikuta kesi za mashamba zikiwa miongoni mwa zilizowashughulisha sana mahakimu wa kienyeji.

Mji ulifungua mlango

Kilichombadilishia binti mambo zaidi ni mshahara na kiwanja cha mjini. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vya Jinja vikapata umeme, kile cha nguo cha Nyanza kikawa maarufu kuliko vyote, na watu wakatoka kila pembe ya nchi na magharibi mwa Kenya kuja kuajiriwa. Mwaka huo huo wa 1954 wakulima wa kahawa wa Mbale waliunda Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu, na fedha za arabika zikaanza kujenga nyumba za mabati mjini.

Nyumba ya aina hiyo haikutoka kwa babu. Hakuna kaburi la ukoo nyuma yake. Mume na mke waliijenga kwa jasho lao, juu ya kiwanja cha kukodi kutoka kwa serikali, na ukoo ulikosa pa kushika. Ndiyo maana wazazi waliotaka kuwapa mabinti kitu walianzia hapo: shamba la kijijini kwa wana wa kiume kama desturi inavyotaka, chumba cha kupangisha au duka la mjini kwa binti. Mgawanyo huo bado unaonekana katika familia nyingi za Jinja na Mbale. Kwa haki kamili haujafika, lakini mara nyingi duka la mjini limekuwa na thamani kuliko ekari mbili za mteremko, na wapo makaka waliolitambua hilo wakiwa wamechelewa.

Mama naye alikuwa na mali yake. Katika miaka ya 1970 bidhaa zilipoadimika na magendo yakawa ndiyo biashara, wanawake wengi waliingia sokoni na mipakani kutafuta sabuni, chumvi na nguo. Waliofaulu walinunua viwanja. Shida ni kwamba hati nyingi ziliandikwa jina la mume. Sheria ya mirathi ilimruhusu mwanamke aliyeolewa kuusia mali yoyote ambayo angeweza kuitoa mwenyewe akiwa hai. Tatizo lake lilikuwa ushahidi. Mama asiye na risiti wala jina kwenye hati alikuwa akimwachia binti yake maneno matupu, na mume alipotangulia kufa kiwanja kilihesabiwa kuwa cha marehemu na ndugu zake.

Sheria ilivyokokotwa

Sheria yenyewe ni ya zamani. Ilianza kutumika mwaka 1906, ikafuata mfano wa ile ya India ya 1865, na Waafrika wakawekwa nje yake waendelee na desturi zao. Mwaka 1960 Baraza la Wanawake wa Uganda liliitisha mkutano kuhusu ndoa na hadhi ya mwanamke, na baadaye serikali ikaunda tume chini ya W. W. Kalema. Ripoti ya tume ilitoka mwaka 1965, ikakaa.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa dikrii ya mwaka 1972, wakati wa Idi Amin. Mwanamume akifa bila wosia, mali yake ilikatwa kwa asilimia: 75 kwa watoto, 15 kwa mke au wake, 9 kwa ndugu wategemezi, na 1 kwa mrithi wa kimila. Katika ile 75 binti na kaka yake walikuwa sawa. Hilo lilikuwa jambo zito kwa wakati wake, na ni ajabu kidogo kwamba lilitoka kwa utawala ule. Lakini nyumba ya makazi haikuingia kwenye mgawo. Iliwekwa kando kwa mrithi wa kisheria, na katika kumtafuta mrithi huyo sheria ilisema wazi kwamba ndugu wakilingana, mwanamume atangulie mwanamke, na mkubwa atangulie mdogo. Kwa familia ambayo mali yake yote ni nyumba moja ya Walukuba au Namakwekwe, hesabu ya asilimia ilikuwa kama kugawana ganda la embe.

Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Law and Advocacy for Women in Uganda, ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilibagua kinyume cha Katiba ya 1995. Bunge lilichukua miaka 15 kuziba pengo. Sheria ya marekebisho ilianza kutumika mwishoni mwa Mei 2022, na sasa asiyeacha wosia, mume kwa mke, mali yake hugawanywa hivi: mwenzi aliyebaki asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Nyumba ya familia inabaki kwa ajili ya mwenzi na watoto.

Asilimia hizo zote ni za aliyekufa bila wosia. Anayeandika wosia anaweza kumpa binti zaidi, na anaweza pia kumnyima, ingawa mtegemezi aliyeachwa mikono mitupu anaweza kwenda mahakamani kudai riziki kutoka kwenye mali hiyo.

Kati ya sheria ya 1972 na hukumu ya 2007 kulipita UKIMWI, na pengine huo ndio uliowafundisha watu wa kawaida kuandika kuliko bunge na mahakama. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na kuwa na vituo Jinja na Mbale, lilikuwa likikaa na wagonjwa kuzungumza nao pamoja na dawa na chakula habari ya watoto watakaobaki. Kina mama wa chama cha NACWOLA walitunga vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wako ni upi, baba yako alikuwa nani, shamba letu linapakana na nani. Wosia ukawa sehemu ya mazungumzo hayo. Mume na mke wote wagonjwa, wakijua kwamba shangazi na wajomba watakuja na lori, waliandika majina ya mabinti wao wadogo kwa sababu hawakuwa na muda wa kuona haya.

Wawili, lakini karatasi mbili

Wanandoa wengi wanadhani wosia mmoja wa baba unatosha nyumba nzima. Hautoshi. Kila mtu anausia kilicho chake. Baba akiandika kwamba duka la Naboa Road ni la binti, na nusu ya duka hilo ni ya mama, ameusia nusu yake tu.

Hapa hati yenyewe inasema mengi. Mume na mke wakisajiliwa kama wamiliki wa pamoja bila mafungu, mmoja akifa mali yote humwendea aliyebaki, na wosia wa aliyekufa haugusi kitu pale. Wakisajiliwa kila mmoja na fungu lake, nusu kwa nusu au vyovyote walivyokubaliana, kila fungu linaweza kuusiwa. Wazazi wanaotaka binti apate sehemu ya mama hata kama baba ataoa tena wanapaswa kujua ni ipi kati ya hizo mbili iliyoandikwa kwenye hati yao. Wengi hawajawahi kuuliza. Hati ilipotoka walishangilia, wakaifungia kabatini.

Kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hasa mabinti waliosoma. Wosia wa Uganda unahitaji sahihi au alama ya mwenyewe na mashahidi wasiopungua wawili wanaotia sahihi mbele yake. Baba asiyejua kusoma vizuri humwita nani? Humwita binti yake mwalimu, au mkwe wake karani, aandike na atie sahihi kama shahidi. Wosia unabaki halali, lakini kile alichoachiwa shahidi, au mume au mke wa shahidi, kinafutika. Binti amesaini kuondolewa kwake mwenyewe. Kuandika kwa mkono wake hakuna kosa hilo, ingawa kunampa mgomvi neno la kusema. Sahihi ya shahidi ndiyo inayomkosesha. Jirani wa duka, mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kanisa asiyeachiwa kitu anafaa zaidi.

Mwenye kuandika akioa au kuolewa baadaye, wosia wa kabla ya ndoa hiyo huanguka. Na kama aliandika kwamba kiwanja fulani cha Mbale ni cha binti, halafu akakiuza apate mtaji wa kahawa, binti hadai kingine badala yake isipokuwa wosia umesema hivyo. Wafanyabiashara huuza na kununua kila msimu. Wosia wa miaka kumi iliyopita unaweza kuwa orodha ya mali ambazo hazipo tena. Madeni pia hutangulia: anayedai gunia mia za maharage atalipwa kabla binti hajapata chake, kwa hiyo daftari la wanaodai na wanaodaiwa lina kazi sawa na hati ya nyumba.

Waislamu, na Mbale ni mji wenye Waislamu wengi, wana hesabu yao inayojulikana: fungu la binti ni nusu ya la kaka yake, wosia hauzidi theluthi, na hautolewi kwa anayerithi tayari ila warithi wenzake wakiridhia. Mzazi anayetaka kumtunza binti zaidi hutumia hiba, yaani humkabidhi mali akiwa hai na binti akaishika. Pwani ya Kenya wanaifahamu njia hiyo. Katika familia za kiungwana za Lamu ilikuwa kawaida baba kumjengea au kumtengea binti nyumba anapoolewa, na mume akahamia humo. Ngazidja, huko Komoro, nyumba na mashamba ya magnahuli hupita kwa mama hadi binti, na wanaume hawayagawani. Desturi ya Afrika Mashariki, kwa hiyo, haijawahi kuwa moja.

Mali ya nchi mbili

Kwa wanaoishi na kufanya kazi kuvuka mpaka, tofauti za sheria ni za kweli. Mzee wa Busia upande wa Kenya anaweza kutoa wosia kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, nao unakubalika akifariki ndani ya miezi mitatu. Akivuka hatua chache kuingia Uganda, wosia wa mdomo sheria imeuacha kwa askari walio vitani na mabaharia. Familia ya Kisamia yenye mashamba pande zote mbili, au ya Wabukusu na Wamasaaba waliooana Lwakhakha, inaweza kujikuta maneno ya baba yana nguvu huku na hayana kule.

Ardhi na nyumba hufuata sheria ya nchi zilipo. Fedha, bidhaa na magari hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu alikuwa na makao yake ya kudumu. Soko la Pamoja la Jumuiya, lililoanza Julai 2010, halikubadilisha hilo: matumizi ya ardhi yaliachiwa sheria za kila nchi. Asiye raia wa Uganda hupata ardhi kwa kukodi tu, jambo la kuulizia mapema kama binti aliyeolewa Bungoma amechukua uraia wa huko. Msimamizi aliyethibitishwa na mahakama ya Kenya hahitaji kuanza upya kwa mali iliyoko Jinja; sheria ya Uganda ina utaratibu wa kugonga tena muhuri hati kama hiyo katika Mahakama Kuu.

Mahakama za nchi jirani nazo zimemtazama binti. Mwaka 1990 huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000, na mpwa wake akashitaki kwamba desturi humruhusu mwanamke kulitumia shamba, si kuliuza. Jaji alisema kizuizi hicho kinapingana na Katiba, na mauzo yakasimama. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Kenya, ikikaa Eldoret, iliamua kesi ya Rono, ambamo mahakama ya chini ilikuwa imewapa wana wa kiume ekari 30 kila mmoja na mabinti ekari 5. Hoja ilikuwa kwamba mabinti wataolewa. Majaji waliikataa.

Ukoo ukiulizwa leo unaogopa nini hasa, jibu la kweli mara nyingi huwa makaburi. Binti akipewa kibanja cha nyumbani akakiuza, mnunuzi atalima juu ya babu. Hofu hiyo si uongo, na wazazi wenye busara wameacha kubishana nayo. Wanaandika. Eneo la makaburi linapimwa, linazungushiwa oluwaanyi, ule mmea ambao Wasoga na Waganda huutumia kuonyesha mpaka, na wosia unasema kipande hicho hakiuzwi na mtu yeyote, awe wa kiume au wa kike, na njia ya kukifikia ibaki wazi. Mwana wa kiume anakaa kwenye kiti cha baba siku ya olumbe. Kinachobaki cha kibanja, pamoja na vyumba viwili vya kupangisha mjini, kina jina la binti, na chini yake sahihi mbili za watu wasioachiwa kitu.